Majina Yetu kwenye Masoko Manne

Katika maandishi haya sitataja jina la mtu hata mmoja. Msidhani nimesahau. Mimi majina sisahau. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Nieleze kwanza, kwa msomaji asiyetoka kwetu. Mtoto mchanga akilia siku mbili tatu, na hana homa, na tumbo lake ni laini, na ziwa analikataa, sisi husema kuna mtu wa ukoo aliyekufa anayetaka jina lake lirudi. Basi anaitwa mwanamke mzee wa boma. Anampakata mtoto, anaanza kuwataja wafu wa ukoo ule mmoja mmoja, polepole, akiacha nafasi. Mtoto akinyamaza kwa jina fulani, ama akishika ziwa, huyo ndiye amekuja, na mtoto ataitwa hivyo. Kanisani atabatizwa jina lingine, la kuandikwa kwenye cheti. Hatugombani na kanisa. Lakini la kumnyamazisha ni hilo la wafu.

Majina ya ukoo wa mume wangu nilifundishwa na mama mkwe tukipalilia mahindi, mwaka wa pili wa ndoa yangu. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo hakuna mahali niliandika. Yeye alinipa majina kwa mistari ya mahindi. Mstari huu ni wa babu mkubwa na watoto wake, unaofuata ni wa wake zao, ule wa kule mwisho ni wa waliokufa wadogo. Nikikosea ananirudisha mwanzo wa mstari na jembe mkononi, jua likiniwakia mgongoni. Mpaka leo nikiyataja, miguu yangu inasogea chini ya kiti.

Wengine aliniambia nisiwataje. Mtu aliyejitoa uhai hatajwi kwa mtoto. Hachukiwi, hata kulia analiliwa kama wengine, lakini hatajwi, asije akamwonyesha mtoto njia aliyopita. Ukimfikia kwenye mstari unafunga mdomo, unameza mate, unapita.

Kwenye mistari yetu nilikuwa na mmoja wa kumeza. Alikuwa ndugu mdogo wa mume wangu. Alikufa bado kijana, akamwacha mke na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa anatambaa. Tulimzika asubuhi, watu wachache, bila nyimbo. Mkewe akarudi kwao upande wa Bungoma, karibu na Lugulu, akalima, akachuuza, akamsomesha yule mtoto mpaka akawa mwalimu. Mtoto alipofika umri wa kuuliza baba alikufa na nini, nilikuwa nimewatembelea. Mama yake alisema ni kifua. Kisha akaniangalia juu ya kichwa cha mtoto. Nikasema, "Ni kifua, mwanangu. Alikohoa sana."

Tangu siku hiyo sisi wawili tulikuwa ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Akivuna njugu, zangu zinatengwa. Nikipika muhogo mzuri, namfikiria.

Mwanawe alioa, wakakaa miaka mingi bila mtoto. Dawa wametafuta, maombi wameombewa. Mwaka jana akanipigia simu, sauti yake chini kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Dada, mke wa mtoto ako na mimba, na hii imeshika. Akizaliwa utakuja wewe. Sitaki mtu mwingine ampakate." Nililia na simu sikioni. Jumapili nikasimama kanisani na kutoa shukrani, ingawa sikueleza ni ya nini.

Ahadi hiyo nilikuwa nayo wakati mjukuu wangu alipokuja kukaa nami hapa Saboti.

Ni mtoto wa binti yangu. Alikuwa amemaliza chuo, kazi amezunguka Kitale yote hajapata, viatu vimekwisha. Ni msichana wa heshima, maji ya kuoga ananiwekea bila kuambiwa. Siku moja mtoto wa mjukuu wangu mwingine, hapa hapa bomani, alilia, nikaitwa. Yeye akaja nyuma yangu ameinua simu. Sikujali, vijana siku hizi wanainua simu hata kwa sahani ya mboga ya sukuma. Asubuhi yake akaingia kwangu mbio, akiniita Kukhu, yaani nyanya.

"Kukhu! Umelipuka!"

"Nimelipuka wapi?"

"Kwa mtandao! Umeonwa na watu kuliko mheshimiwa."

"Mheshimiwa gani?"

"Wote!"

Nilicheka, sitakataa. Akanisomea maneno ambayo watu wameandika. Mmoja yuko Katari anafanya kazi ya ulinzi, ati amesikia sauti ya nyanya yake aliyezikwa yeye akitazama tu kwa simu. Mwingine anasema nikifa nizikwe kama malkia. Mtu wa umri wangu huwa anasikia tu, "Mama, kaa hapo, usichoke." Sasa naambiwa malkia. Ndiyo, nilipenda.

Yeye naye alikaa chini akapanga kazi. Alinieleza kwa lugha ninayoijua. "Kukhu, wewe ukiuza mboga Kitale peke yake, wa Moi's Bridge watakula nini? Mboga ni ile ile. Unaipeleka kila soko." Basi kukawa na masoko manne. Kuna ule mtandao wa vijana wa kucheza densi, video fupi fupi. Kuna ule wa wasichana wa picha. Kuna ule wa watu wazima wanaotakiana heri ya siku ya kuzaliwa, na kuna ule wa video ndefu, wa watu walio na wakati. Akaandika ratiba kwenye karatasi, akaibandika kwa kioo cha kabati langu, katikati ya kalenda ya kanisa na picha ya marehemu mzee. Watu wakiamka, moja. Watu wakila mchana, moja. Watu wakitoka kazini, mbili. Video moja alikuwa anaikata vipande vinne kama mkate, kila soko na kipande chake.

Sheria zake nazikumbuka kama ninavyokumbuka majina. Ya kwanza: tonge la moto liwe la kwanza. "Mtu anapita hapo na kidole, Kukhu, uko na sekunde tatu tu za kumshika shati." Ya pili: kila anayeandika ajibiwe, hata kama ni saa ya kanisa. Ya tatu nilibisha. Kuna mtu alikuwa ameandika kwamba mimi ni mchawi wa kulipwa. Nikasema mtu huyo afutwe. Akanishika mkono.

"Usimfute. Matusi ni mbolea. Acha wabishane, video inapanda."

"Mbolea hata samadi ni mbolea, lakini huwezi kuileta mezani."

"Kukhu, wewe! Rudia hiyo, narekodi."

Nikarudia.

Nyumba yangu ni ya simiti na mabati, na ninapikia gesi niliyonunuliwa na wanangu. Haikufaa. Alinipeleka kwa jirani, jikoni kwake kwenye kuta za udongo, nikavuliwa sweta la kanisa nikafungwa leso mbili, nikapewa kibuyu ambacho sijui kilitoka wapi. Jirani mwenyewe akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Sasa mama, umehamia kwangu ama wamekufukuza kwako?" Mjukuu akaniambia nisicheke, taa yake ya duara imewaka.

Na watoto wachanga hawazaliwi kila wiki. Wiki ambayo hakuna mtoto, yeye alikunja shuka, akalifunga kama mtoto, akaniwekea mapajani mgongo ukielekea simu. Nikataja wafu wa kweli, waliolima shamba hili, kwa shuka. Hilo mama mkwe angeliona sijui angenirudisha mstari gani.

Mimba ya kule Lugulu ilikuwa imefika miezi saba wakati mjukuu alipoleta neno la mate.

"Watu wameona kitu. Kila video, ukifika mahali fulani unanyamaza, halafu unameza mate. Wanauliza unammeza nani."

"Mate ni yangu."

"Kukhu, wanabishana huko vibaya sana."

Kumbe ni yeye aliyewachochea. Hayo niliyajua baadaye. Soko moja aliandika, "Kukhu anaficha nani?" Soko la pili akaandika, "Wangapi wanaamini ni mtu aliyelaaniwa?" Soko la tatu akaahidi kwamba Kukhu mwenyewe atasema Ijumaa. Siku nne nzima watu walikuwa wananingoja na mimi naanika mahindi sina habari.

Ijumaa aliniketisha. Alianza kwa kunisifu, ati hakuna mwanamke mwingine Trans-Nzoia yote anayejua hii kazi na siri zake, ati nikifa itazikwa na mimi, ati yeye anataka watoto wake wajue. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama tuko wawili, "Hapo, Kukhu, unamruka nani?"

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema. Hakunilazimisha. Sikuwa nimelewa, sikuwa mgonjwa. Nafikiri mdomo ukizoea kusikilizwa hauulizi tena ruhusa. Nilimtaja shemeji yangu kwa jina lake kamili. Nikasema alivyokufa. Nikasema mkewe alirudi wapi, na kwamba mtoto wake mpaka leo anadhani ni kifua. Nikaeleza vizuri kabisa, kama mwalimu.

Na nilikuwa na hesabu yangu ya kijinga. Nilidhani masoko yale ni kama masoko. Cha Kitale kinabaki Kitale. Nilijiambia, watu wa Lugulu ni watu wa misheni, wako na kanisa na mashamba yao, nani kati yao ataenda kwa vijana wa kucheza densi? Sikujua kwamba video ikiiva inabebwa, inaingia kwenye makundi ya simu ya akina mama wa kanisa, ya wazee wa shule, ya watu wa mazishi, hata mahali ambapo mjukuu mwenyewe hakuiweka.

Nilipomaliza, msichana alikuwa na machozi. Nilifikiri analia kwa ajili ya babu yake mdogo.

"Kukhu," akasema, "hii imeiva."

Akaikata. Tonge la moto likawa la kwanza: video inaanza na mimi nikilitaja lile jina, bila salamu, bila maelezo, na chini yake maandishi mekundu: USIMPE MTOTO JINA HILI. Jina hilo ndilo mwana wa marehemu anatumia. Ndilo liko kwenye kitambulisho chake, na ndilo wanafunzi humwitia, Mwalimu fulani.

Walimu wenzake ndio walimwonyesha, chumba cha walimu, wakati wa chai. Alinipigia hiyo hiyo saa nne. Alikuwa ananiita Mayi, yaani mama, tangu akiwa mdogo.

"Mayi," akasema, "baba yangu alikohoa?"

Alingoja. Nilisikia kengele ya shule ikigongwa kwake, watoto wakipiga kelele, kisha akakata simu.

Mama yake nilimpigia siku hiyo, na iliyofuata, na wiki nzima. Inaita mpaka inachoka.

Nilimwambia mjukuu aondoe ile video. Akainama. Aliiondoa mbele yangu, soko la kwanza, la pili, la tatu, la nne, nikihesabu. Kisha akanionyesha. Kulikuwa na mwanamume simjui anacheka juu ya sauti yangu. Kulikuwa na mhubiri ananifafanua. Kulikuwa na watoto wa shule, wamevaa leso, wanameza mate.

"Nikitoa yangu, ya watu inabaki," akasema. "Mimi pia sikujua itafika huko, Kukhu. Nisamehe." Na nilikuwa karibu kumsamehe, maana alikuwa analia kweli. Halafu akapangusa pua. "Lakini sikiliza. Si unaenda kuomba msamaha? Twende wote, na simu. Watu wanataka kujua iliishaje. Hiyo itapanda kuliko hii."

Nilimtazama mpaka akaondoka mwenyewe hapo.

Miezi kama miwili ikapita, nikaenda peke yangu. Nilikuwa nimesikia kwamba mtoto amezaliwa salama, mvulana, kwenye hospitali ya misheni, na wameshamrudisha nyumbani. Hakuna aliyeniita. Habari nilipewa na mama mmoja wa kanisa, tena kwa kuniuliza, "Kwani wewe hujaenda?"

Nilimkuta mke wa shemeji yangu uani, ameketi kwenye mkeka, anachagua maharagwe kwenye ungo. Alinyoosha mkono, akanisalimu. Akaniletea kiti. Mgeni hawezi kukosa chai, kwa hivyo akaniletea chai. Ilikuwa turungi. Ng'ombe wake wawili wamesimama pale, mmoja na ndama, na mimi nimepewa chai isiyo na maziwa. Niliinywa yote.

"Mdogo wangu," nikasema, "nimekuja kukupigia magoti."

"Magoti yako ni mabovu, dada. Kaa tu."

"Nilikosa."

"Ulisema ukweli. Nani amesema ulikosa?" Vidole vyake havikuacha maharagwe. "Mimi ndio mwongo. Mtoto wangu ameniambia hivyo hivyo. Miaka yote hii, Mama, ulikuwa unanidanganya. Halafu anaenda shule, watoto wanameza mate akiingia darasani."

"Msichana ndiye alinidanganya na simu."

"Msichana sikumjua mimi. Sikumpa yeye siri yangu." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Wazazi wa huyu mke wa mwanangu wamepiga simu. Wanauliza, hiyo kitu iko kwa damu? Mtoto ana siku tisa."

Nilizungusha kikombe mkononi. Ndipo mtoto akaanza kulia ndani.

Kilio kile nakijua. Si cha njaa. Kinapanda, kinakatika katikati, kinaanza tena kwa hasira. Kilikuwa kimekuwa hivyo siku mbili, mama yake mtoto aliniambia hivyo baadaye. Nikainuka. Sikufikiri, mwili ndio uliinuka.

"Kaa," akasema.

"Nitamtaja vizuri. Nitamtaja babu mkubwa na—"

"Dada. Mdomo wako hautaingia kwa nyumba yangu."

Nikakaa. Mtoto akalia. Majina yote yalikuwa yamenijaa kinywani, mstari baada ya mstari, ya watu ambao huyu mtoto ni wao, na mimi nimeshika kikombe kitupu. Nilimsikia mama yake ndani akimbembeleza, akimwimbia wimbo wa kanisa, akitembea huku na huku. Ni mtoto wa siku hizi, msichana mzuri, na alikuwa amechoka, na alijua kwamba bibi wawili wamekaa nje hawasemi. Nafikiri alitaka kutusaidia. Alitaka kazi ifanyike bila mimi kuvuka mlango.

Nikasikia sauti yangu ikitoka ndani ya nyumba.

Alikuwa ameitafuta kwenye simu. Akaileta karibu na mtoto. Na video ilianza ilivyokatwa, tonge la moto la kwanza. Lile jina. Nilijisikia nikilitaja wazi, bila kumeza, ndani ya nyumba ya mjane wake, kwenye sikio la mjukuu wake.

Mtoto akanyamaza.

Mtoto mchanga hunyamaza kwa kelele yoyote mpya. Mlango ukigonga ananyamaza, mbwa akibweka ananyamaza. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote, na ningelisema. Lakini mwenzangu alikuwa amelelewa na desturi ile ile kama mimi. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya maharagwe. Ndani, msichana alishtuka, akaizima simu. Kimya kikaendelea. Halafu tukasikia mtoto akinyonya, ile sauti ndogo ya koo.

Mwenzangu akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Nenda nyumbani," akasema. "Tafadhali nenda."

Alisema tafadhali. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniambia tafadhali, wala mimi kumwambia.

Mjukuu wangu siku hizi anakaa Kitale mjini, amekodi chumba. Masoko yake manne bado anayapelekea mboga. Amepata Kukhu mwingine, mama mmoja mnene wa kuchekesha anayeonja pilipili na kutukana. Sina neno naye yule mama. Karatasi ya ratiba niliitoa kwa kabati, lakini gundi imeacha alama nne kwenye kioo, hazitoki hata kwa mafuta ya taa.

Hapa kwetu sijaitwa tena kumpakata mtoto. Wamezaliwa wawili mtaa huu wa juu, wa ukoo wetu. Mmoja baba yake aliniambia kwa adabu kwamba siku hizi wanampa tu jina la kanisa. Wa pili hawakuniambia kitu.

Mwezi uliopita nilimpigia yule msichana wa Lugulu, mama wa mtoto. Yeye hushika simu yangu akiwa peke yake. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Ananenepa, akasema, ameanza kucheka. Nikamuuliza kama analia. Halii. Kisha nikamuuliza lile nililompigia simu.

"Mmemwita nani?"

Kuku walikuwa wanalia karibu naye.

"Kukhu, nisamehe," akasema. "Mama amesema nisikuambie."

Nikamwambia ni sawa, amsalimie mtoto. Nikakaa na simu mapajani. Najua watu wote wa ukoo huu, tangu yule aliyevuka mlima na ng'ombe watatu, mstari kwa mstari, hadi huyo mtoto. Huyo simjui.